Kasi Haikuanza 2017

Ukitafuta habari za singeli kwenye intaneti kwa lugha za Ulaya, utapewa historia fupi sana. Mwaka wa 2017, lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na dunia ikasikia kwa mara ya kwanza muziki wa Dar es Salaam unaokimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Karibu kila neno hapo ni kweli. Shida iko kwa hiyo "mara ya kwanza". Dunia gani hiyo? Kwani Mburahati iko wapi?

Mimi ni DJ wa Kisian. Kwa wasiopajua: ukitoka Kisumu kuelekea Busia, Kisian ndipo barabara inapogawanyika. Moja inapanda kwenda Maseno na hatimaye Uganda, nyingine inashika upande wa ziwa kwenda Bondo na Usenge. Wengi wanapajua kwa sababu ya KEMRI. Mimi napajua kwa sababu ya malori. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nikabaki na laptopu na spika za kukodisha, na tangu hapo nachapa ngoma popote ninapoitwa: harusi, bash za wanafunzi, fainali za mpira wa kijiji, matanga. Singeli yangu ya kwanza haikutoka kwa lebo yoyote. Ilitoka kwa flashi ya utingo wa lori: faili ishirini na kitu, zote zimeandikwa "singeli kali" na namba. Hakuna jina la msanii, hakuna mwaka.

Nimekuwa nikiufuata huo muziki kurudi nyuma tangu siku hiyo, na kadiri ninavyorudi, ndivyo 2017 inavyozidi kuonekana kama mwisho wa safari ya kwanza. Mwanzo uko mbali zaidi.

Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku. Miaka ya 1990, kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini Dar, vijana walichukua ngoma za Wazaramo, wakaongeza kibodi ndogo za Casio, zile ambazo kwa wengine zilikuwa toy ya mtoto, wakazipitisha kwenye spika zilizochoka mpaka sauti ikawa inakwaruza. Kundi la Jagwa Music ndilo lililosikika mbali zaidi. Albamu yao Bongo Hotheads ilitoka Ubelgiji mwaka wa 2012. Lakini nyumbani mchiriku ulishaishi miaka mingi kwenye kanda na kwenye sherehe za uani. Magazeti ya watu wenye heshima zao hayakuwa na muda nao. Ulikuwa muziki wa wahuni, basi.

Kisha kompyuta zikaingia mtaani. Kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku kucha za barabarani, DJ alikuwa anachukua kipande cha taarab, sekunde chache tu za kinanda na ngoma bila uimbaji, anakirudia rudia, anakiongezea kasi, na MC anashika maiki. Hapo ndipo singeli ilipozaliwa, katikati ya miaka ya 2000, Tandale, Manzese na mitaa jirani. Hakuhitajika studio ya maana. Ilihitajika programu ya kuchezea nyimbo, spika kubwa, na MC mwenye pumzi. Msaga Sumu akawa mfalme wake. Kufikia 2016 Man Fongo alikuwa na Hainaga Ushemeji, na nchi nzima ilikuwa inaicheza. Kwa hivyo mwaka mmoja kabla ya dunia "kugundua" singeli, mama zetu wa Tanzania walikuwa wameshaicheza harusini.

Sisemi Nyege Nyege Tapes walifanya vibaya. Bila wao nisingejua majina. Ni kupitia kwao nilijua kuwa Sisso ni mtu, na ana studio Mburahati, na kwamba pale walipita watayarishaji kama Jay Mitta, aliyetoa Tatizo Pesa mwaka wa 2018, na Bamba Pana, aliyetoa Poaa mwaka huohuo. Faili mbili kati ya zile "singeli kali" zangu zikapata wenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyepata kitambulisho chake kilichopotea.

Wazungu walipousikia muziki huu walikimbilia kuulinganisha na gabber, ile ngoma ngumu ya Rotterdam ya mwanzo wa miaka ya 1990. Ulinganisho si wa bure. Rotterdam ni mji wa bandari kama Dar, gabber ilipendwa na vijana wa tabaka la wafanyakazi, na ilidharauliwa na watu wa vilabu vya Amsterdam waliojiona wana ladha. Hata mashine zao zilisukumwa kupita kiasi, mpaka ngoma ikawa ukwaruzo. Lakini jamaa wa Mburahati hawakuhitaji Rotterdam. Kasi waliikuta nyumbani.

Na sisi wa ziwani pia tuliikuta nyumbani. Sikiliza benga vizuri: wimbo unaanza kwa adabu, mwimbaji anataja majina ya watu, halafu gitaa zinaachiwa na hakuna anayebaki kwenye kiti. D.O. Misiani, tunayemwita mfalme wa benga, alizaliwa upande wa Shirati, Tanzania, akajijengea jina Kenya, akafa kwenye ajali ya barabarani Kisumu mwaka wa 2006. Maisha ya mtu mmoja, pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo sioni ajabu singeli ya Dar kukaa vizuri juu ya ohangla. Ohangla ninayochapa ikiwa kwenye midundo 135 kwa dakika, singeli ya 270 inaingia juu yake bila kugombana. Hatua moja ya mguu, midundo miwili ya ngoma. Wasee wa hapa hawaulizi ni muziki gani. Wanaondoa tu viti.

Ila kuna swali lingine la historia, na hili ndilo linanikosesha usingizi. Muziki huu unaitwa wa chini kwa chini. Huko Ulaya neno hilo lina maana ya ukumbi uliofichwa ambao watu wachache wanaujua. Kwetu hakuna kilichofichwa. Spika za matanga zinasikika mpaka kijiji cha tatu. Kinachoufanya uwe wa chini kwa chini ni kibali.

Angalia Uganda. Tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka wa 2015 karibu na Jinja, saa chache tu kutoka hapa kwetu. Jina lenyewe kwa Mswahili ni neno ambalo hulisemi mbele ya mama mkwe. Waandaaji wanasema kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza. Septemba 2018, waziri wa maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku, kisha serikali ikarudi nyuma na kuliruhusu kwa masharti. Mwaka wa 2022 bunge likataka kulizima tena, na tena likaruhusiwa kwa masharti. Tamasha lina wageni wa kulipa dola, hoteli zinajaa, kwa hiyo lina watu wa kulitetea.

Disco matanga haina mtetezi. Machifu na wakuu wa utawala huku Nyanza na Magharibi wamepiga marufuku mara nyingi, na sababu zao sizipuuzi: wasichana wadogo wameumizwa kwenye giza la usiku huo. Ndiyo maana nikiitwa matangani naomba taa mbili kabla ya kuomba malipo, na watoto wakiwa bado uwanjani saa tatu, sichapi. Lakini tusijidanganye kwamba kelele za matanga zililetwa na jenereta. Mjaluo mzee akifa kuna tero buru: ng'ombe wanakimbizwa, watu wanapiga mayowe na ngoma, kifo kinafukuzwa kutoka bomani. Kuna budho, watu kukesha na wafiwa, na wapiga nyatiti wamekesha hivyo tangu zamani. Spika zilikuja kukalia kiti ambacho tayari kilikuwepo.

Usiku mmoja, kwenye boma la ndani ndani huku Seme, nilipunguza sauti ilipofika saa nane. Nilidhani wafiwa wamechoka. Mama mwenye nyumba, aliyemzika mume kesho yake, alikuja mpaka mezani kwangu. "Nyathina," akaniambia, "usizime. Nyumba ikinyamaza nitasikia kila kitu." Nikarudisha singeli. Alicheza kidogo, amejifunga leso kiunoni, halafu akaketi na dada zake mpaka kukapambazuka.

Huo usiku hauko kwenye mkusanyiko wowote. Hauko hata kwenye simu yangu. Na miezi ya kafyu, kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021, usiku kama huo haukuruhusiwa kabisa. Mwanzoni watu 15 tu ndio walitakiwa kuhudhuria mazishi. Kuna nyimbo nilizokuwa nachapa kabla ya hapo ambazo sijazipata tena. Mwenye kompyuta ya kuburn nyimbo stendi alihama, flashi zikafutwa ziwekewe sinema, na watayarishaji wa mtaani ambao hawakuwahi kuandika majina yao kwenye faili wakaacha muziki, wakaingia kwenye boda. Nyimbo hizo zilikuwepo, watu walizicheza, na leo hakuna anayeweza kuthibitisha.

Hivi ndivyo historia inavyoanzia mahali pasipo sahihi. Hakuna njama. Aliyeandika jina, mwaka na mahali ndiye anayebaki, na mara nyingi aliyeandika ni yule aliyekuja na pasipoti. Sounds of Sisso ina majina na ina mwaka, ndiyo maana inahesabika kuwa mwanzo. Flashi ya utingo haikuwa navyo.

Kwa hiyo siku hizi nina daftari. Kila wimbo unaoingia kwangu bila jina, namuuliza aliyenipa: umeutoa wapi, nani alikupa, alisema ni wa nani? Majibu mengi ni ya kubahatisha, na naandika hivyo hivyo, "jamaa anadai", pamoja na tarehe na mji. Nimefika ukurasa wa arobaini. Kuna ohangla ya kibodi iliyotengenezwa Bondo, kuna remix ya benga iliyoongezwa kasi na kijana wa Usenge ambaye sasa anauza omena, kuna singeli kumi na nne ambazo bado ni "singeli kali" na namba.

Wewe DJ unayesoma hii ukiwa Nyalenda, Mbita, Homa Bay au Mwanza, badilisha majina ya hizo faili leo usiku, kabla hujachapa. Weka jina la mtu, hata kama ni la utani. Weka mwaka. Na kama kwenye flashi yako kuna ile yenye kinanda cha taarab na sauti ya mtoto akihesabu hadi nne, naitafuta mwenyewe tangu 2019.