Windows 11 inakusumbua? Una siku 10 za kurudi Windows 10

Kama kompyuta yako ilihama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, na tangu siku hiyo inachelewa kuwaka, printa haitambuliki au sauti imepotea, unaweza kuirudisha ilipokuwa bila kupoteza picha, kazi za masomo wala nakala za hati zako. Lakini ni lazima ufanye hivyo ndani ya siku 10 baada ya kuhama.

Windows 11 inapowekwa juu ya Windows 10, mfumo wa zamani haufutwi papo hapo. Unahifadhiwa kwenye diski C, katika folda iitwayo Windows.old. Siku 10 zikipita, folda hiyo hufutwa yenyewe na njia rahisi ya kurudi inafungwa. Folda hiyo hula gigabaiti nyingi, kwa hiyo mtu anayetafuta nafasi hushawishika kuifuta. Usiifute, wala usimruhusu fundi "kuisafisha" kompyuta kabla hujaamua.

Je, huna umeme wa kutosha wiki hii, au uko katikati ya mitihani? Unaweza kuongeza muda, mradi siku 10 hazijaisha. Tafuta Command Prompt, ifungue kwa kuchagua "Run as administrator", kisha andika:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Namba 60 ni idadi ya siku, na ndiyo kikomo.

Usikimbilie kurudi siku ya kwanza. Baada ya kuhama, mashine hufanya kazi nyingi chinichini kwa siku moja au mbili, na uzito mwingine huisha wenyewe. Kama kinachogoma ni printa tu, jaribu kwanza kuweka draiva mpya kutoka tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Ila kama kompyuta ina RAM ya GB 4, ambayo ndiyo kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, na bado inakwama baada ya siku hizo mbili, kurudi ni uamuzi wa busara.

Ukishaamua, nakili faili zako muhimu kwenye flashi: vyeti vya shule, nakala za hati za usajili, hesabu za biashara. Utaratibu huu haukusudiwi kugusa faili zako, lakini umeme ukikatika katikati mashine inaweza kukataa kuwaka. Ndiyo maana, kama unategemea sola, anza asubuhi, chaja ikiwa imechomekwa. Kwenye mashine ya zamani kazi inaweza kuchukua saa moja au zaidi. Hakikisha pia unakumbuka nenosiri ulilokuwa ukitumia kwenye Windows 10. Wengi hubadilisha nenosiri baada ya kuhama, kisha wakirudi wanajikuta wamefungiwa nje.

Sasa fungua "Settings", nenda "System", kisha "Recovery", na ubonyeze "Go back". Utaulizwa sababu, chagua yoyote. Ukishauriwa kutafuta masasisho, bonyeza "No, thanks" na uendelee hadi mwisho. Programu ulizoweka baada ya kuhama zitaondoka na utalazimika kuziweka upya.

Kitufe cha "Go back" kikiwa kimefifia, muda umekwisha au Windows.old imefutwa. Hapo kinachobaki ni kuweka Windows 10 upya, na njia hii hufuta kila kitu. Utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi na upakuaji wa zaidi ya GB 4, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya kituo cha jamii badala ya kumaliza bando lako. Kama kompyuta ni ya kituo chenyewe, zungumza na msimamizi kabla ya kugusa chochote.

Jambo moja la kupima: Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inaendelea kufanya kazi, lakini bila masasisho ya usalama ni rahisi kuingiliwa na virusi, hasa pale flashi moja inapozunguka kwa watu wengi. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kupitia "Windows Update" ndani ya "Settings". Kwa mashine dhaifu zaidi, fikiria Linux Mint. Ni ya bure, na LibreOffice inayokuja nayo hufungua faili za Word.

Ukimpelekea fundi, ondoa kwanza hati zako binafsi, na usimwachie nenosiri la barua pepe. Akikudai pesa ya "leseni mpya" ya Windows 10, uliza kwa nini. Kompyuta iliyowahi kuwa na Windows 10 halali hutambuliwa yenyewe ikiunganishwa na intaneti. Wakati wa kuweka mfumo, chagua "I don't have a product key" na toleo lilelile lililokuwepo, Home au Pro.