Mungu Mamba wa Misri ya Kale

Kitabu cha Hekima chawakemea Wamisri walioabudu wanyama. Leo tumtazame mmoja wa miungu yao, jina lake Sobek.

Mto Nili ulijaa mamba. Mkulima, mvuvi na mwanamke aendaye kuteka maji, wote walimwogopa. Nasi tukaao kando ya mito twaijua hofu hiyo. Lakini mto huohuo ndio uliorutubisha mashamba yao. Basi Wamisri walimhesabu mamba kuwa bwana wa maji, awezaye kuua na kulisha. Walimchora Sobek kama mtu mwenye kichwa cha mamba, amevaa taji la manyoya marefu na duara la jua.

Mji mkuu wa ibada yake ulikuwa Shedet, katika nchi ya Fayum. Huko makuhani walifuga mamba hai ziwani. Mgiriki Herodotus, wa karne ya 5 kabla ya Kristu, aliandika kwamba mamba wa namna hiyo walivikwa vipuli vya dhahabu masikioni na bangili miguuni. Mgiriki mwingine, Strabo, alifika Fayum karibu mwaka 25 kabla ya Kristu. Aliona makuhani wakimfumbua mamba kinywa, wakimtia mkate, nyama na kinywaji cha asali. Mnyama akajitupa majini, akavuka ng'ambo. Akaja mgeni mwingine na sadaka, makuhani wakamfuata huko kumlisha tena. Mamba waliokufa walikaushwa, wakafungwa sanda, wakazikwa kwa heshima. Karibu na Kom Ombo, penye hekalu lake kubwa, imefukuliwa mingi.

Lakini Herodotus asema pia kwamba watu wa Elephantine, katika Misri hiyohiyo, walikula nyama ya mamba. Mungu wa mji mmoja alikuwa kitoweo cha mji mwingine!

Tusiwacheke upesi. Wamisri walikuwa na akili nyingi: walijenga, waliandika, walipima mashamba. Hofu ndiyo iliyowashinda, wakamtolea zawadi mwenye kuwadhuru. Na kati yetu, je, hakuna mbatizwa avukaye mto na hirizi ya mganga mkononi, hali msalaba u shingoni? Mamba tujihadhari naye kama mnyama: tujenge ua wa miti mahali pa kuteka maji, tuwalinde watoto. Kumwabudu, hapana. Mungu aliyemwumba hangoji tumlishe asije akatudhuru. Yeye ndiye anayetulisha sisi kwa Mwili wa Mwanae.

Swali: Kwa nini hatuabudu kiumbe chochote?
Jibu: Kwa sababu viumbe vyote vimeumbwa na Mungu, naye peke yake astahili kuabudiwa.