Darasani Tena kwa Sista

Oktoba 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alizunguka miji sita ya Marekani kwa siku saba, na kila alikofika watu walifurika, iwe Boston penye mvua au Chicago kwenye viwanja vya Grant Park. Mwaka huohuo Wakatoliki wa nchi hiyohiyo walikuwa wakikata tiketi ili wakacheke malezi yao wenyewe. Katika kitongoji cha Chicago ilichezwa tamthilia ya muziki kuhusu watoto wa shule ya parokia. Huko New York, mwezi Desemba, mwandishi kijana aliyelelewa katika shule za Kikatoliki alimweka jukwaani sista mwenye katekisimu, biskuti na bastola. Aliyempungia Papa mkono mchana angeweza kabisa kuwa ndiye aliyecheka ukumbini usiku, na wala hakuona kwamba amemsaliti mtu.

Kicheko hicho kilizaliwa darasani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, shule za Kikatoliki nchini Marekani zilikuwa karibu 13,000, zenye wanafunzi zaidi ya milioni tano. Wengi wao walifundishwa na masista, ambao mwaka 1965 walikuwa karibu 180,000. Dini ilifundishwa kwa Katekisimu ya Baltimore, iliyotoka mwaka 1885, kwa maswali na majibu yaliyokaririwa neno kwa neno. Msomaji aliyejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza katika parokia ya Bukoba au Kakamega enzi za wamisionari anaujua mtindo huo: mwalimu anauliza, darasa linajibu kwa sauti moja, na atakayekosea atasimama.

Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kuanzia 1962 hadi 1965. Misa ikaacha Kilatini. Mwaka 1966 maaskofu wa Marekani walilegeza katazo la kula nyama siku za Ijumaa nje ya Kwaresima. Masista wengi wakabadili mavazi, na maelfu wakaacha utawa. Mtoto aliyekuwa akilala na hofu ya moto wa milele kwa sababu ya kipande cha soseji alikua akasikia kwamba sasa ruhusa. Je, wale waliokufa kabla ya ruhusa walikwenda wapi? Swali hilo la kitoto, ambalo wengi waliliuliza kimoyomoyo, ndilo lililowapa waandishi wa jukwaa nusu ya vichekesho vyao.

John R. Powers, mwana wa mitaa ya kusini ya Chicago, alianza kwa vitabu. Riwaya yake ya mwaka 1975 ilipewa jina la swali: Do Black Patent Leather Shoes Really Reflect Up? Jina hilo linatokana na onyo lililosimuliwa sana katika shule za masista, kwamba msichana asivae viatu vyeusi vinavyong'aa kama kioo, maana wavulana wataona ndani yake kilichofichwa na sketi. Riwaya ikageuzwa tamthilia ya muziki, ikaanza kuonyeshwa kitongojini mwaka 1979 na kukaa huko kwa miaka. Watu wa Chicago waliijua kila kona ya hadithi ile: maungamo ya kwanza, dansi ya shule, sista anayepita katikati ya mistari ya madawati. Walikuja na wazazi wao, kisha wakarudi na watoto wao.

Mei 1982 tamthilia hiyo ilipelekwa Broadway huko New York, kwenye ukumbi wa Alvin wenye viti zaidi ya elfu moja. Ilichezwa mara tano, ikafungwa.

Na haikuwa peke yake. Once a Catholic ya Mary O'Malley, kuhusu wasichana wa shule ya konventi kaskazini-magharibi mwa London katika miaka ya 1950, ilianza mwaka 1977 katika ukumbi wa Royal Court. Ilipendwa mno, ikahamia ukumbi wa Wyndham's. Wasichana wake wote wanaitwa Mary, na yule mnyofu kuliko wote, Mary Mooney, ndiye anayeadhibiwa kila mara, kwa kuwa anauliza kwa moyo safi maswali ambayo wenzake wanajua hayaulizwi. Ilipofika Broadway mwaka 1979 haikumaliza hata wiki mbili. Sababu za tamthilia kuanguka huwa nyingi, na wahakiki wa New York wana sehemu yao. Hata hivyo, tamthilia mbili za aina moja kuanguka namna ileile zinaonyesha jambo. Vichekesho hivi vinahitaji chumba kidogo, ambamo mtu anamsikia jirani yake akicheka kabla mzaha haujaisha kwa sababu naye aliwahi kusimamishwa mbele ya ubao. Katika ukumbi mkubwa uliojaa watu wasio na kumbukumbu hiyo, kinachobaki ni wimbo kuhusu viatu.

Yule kijana mwenye sista wa bastola aliitwa Christopher Durang. Alizaliwa mwaka 1949 katika jimbo la New Jersey, akasomeshwa na masista na baadaye na watawa Wabenedikto, kisha akaenda Harvard na Yale. Sister Mary Ignatius Explains It All for You aliiandika wakati mama yake akiugua saratani, ugonjwa uliomuua mwaka 1979. Ni tamthilia ya tendo moja, na nusu yake ya kwanza ni somo la dini. Sista Mary Ignatius anawafundisha watazamaji wenyewe kuhusu mbingu, jehanamu, toharani na limbo, mahali walikosemekana kwenda watoto wachanga waliokufa bila ubatizo. Anasoma majina ya watu mashuhuri watakaochomwa moto, Mick Jagger na David Bowie wakiwemo. Pembeni yake yuko Thomas, mtoto wa miaka saba, ambaye kila akijibu sawasawa swali la katekisimu hupewa biskuti.

Watu walicheka sana katika nusu hiyo. Elizabeth Franz, aliyemwigiza sista huyo, alipata tuzo ya Obie mwaka 1980, na Durang naye akapata ya uandishi. Tamthilia iliporudi jukwaani katika ukumbi wa Playwrights Horizons mwaka 1981 ikawa gumzo la mji, ikahamishiwa ukumbi mwingine na kuendelea kwa zaidi ya miaka miwili.

Lakini Durang hakuwaacha watazamaji wake wakicheka mpaka mwisho. Wanafunzi wanne wa zamani wanaingia kucheza igizo lao la Noeli la utotoni, pamoja na ngamia. Igizo likiisha wanasema kilichowaleta: wamekuja kumwaibisha mwalimu wao. Mmoja amezaa nje ya ndoa, mwingine ni shoga, mwingine ni mlevi anayempiga mkewe. Wa nne, Diane, anasimulia jinsi mama yake alivyokufa polepole kwa saratani huku yeye akiomba na asijibiwe, na jinsi yeye mwenyewe alivyobakwa. Anamwuliza sista maana ya mateso yale, na sista ana jibu lile la kitabuni tu. Kufikia mwisho Diane na mwenzake mmoja wamepigwa risasi, na yule wa pili amepigwa baada ya kuthibitisha kwamba ametoka kuungama, ili roho yake isipotee.

Hapo ndipo watazamaji waligawanyika, na mgawanyiko huo ndio jambo lenye uzito kuliko yote katika historia hii. Wapo walioona kwamba mtu amesema hatimaye walichobeba tangu utoto. Wengine waliona kwamba masista waliowafundisha kusoma, na waliofanya kazi maisha yao yote karibu bila mshahara, wamefanywa wauaji ili watu wa New York wafurahi. Catholic League, chama kilichoanzishwa mwaka 1973 na padri Mjesuiti Virgil Blum, kiliipinga tamthilia hiyo mji baada ya mji. Mwaka 1983 ilipochezwa St. Louis, Askofu Mkuu John May aliilaani, na wabunge wa jimbo la Missouri wakaanza kuhoji fedha za umma zinazopewa sanaa. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: raia atozwe kodi ili imani yake itukanwe? Waliokuwa upande wa pili walijibu kwamba serikali ikianza kuchagua ni imani gani isiguswe na jukwaa, hakuna tamthilia itakayobaki salama. Magomvi hayo hayakuipunguzia tamthilia watazamaji. Hata mwaka 2001, ilipotengenezwa filamu ya televisheni huku Diane Keaton akiwa sista, Catholic League ilisimama tena kuipinga.

Ili kumtendea haki Durang, ni lazima isemwe kwamba maumivu yaliyomo mle si ya kubuni ili kumkera askofu. Ni maumivu ya mtoto aliyefundishwa kwamba kila swali lina jibu, akakaa kando ya kitanda cha mama yake na kukuta jibu halipo. Kati ya tamthilia zote zinazotajwa hapa, hiyo ndiyo iliyo na ujasiri zaidi, na ndiyo pekee iliyowahi kumlazimisha Mkatoliki mcheshi ajiulize kama anacheka kwa furaha au kwa sababu bado anaogopa.

Dan Goggin wa Michigan alichagua njia nyingine kabisa. Alifundishwa na masista Wadominika na akawapenda. Alianza kwa kutengeneza kadi za salamu zenye picha za sista na maneno ya utani. Kadi zikauzika, akatunga onyesho dogo katika baa ya Duplex, Greenwich Village. Onyesho la siku nne likakaa wiki 38. Tarehe 12 Desemba 1985 likafunguliwa kama tamthilia kamili ya muziki, Nunsense, katika ukumbi wa Cherry Lane wenye viti 179.

Hadithi yake inachekesha hata ikisimuliwa kwa mstari mmoja: mpishi wa nyumba ya watawa amewaua masista 52 kwa supu iliyoharibika, na waliobaki wanafanya tamasha la kuchangisha fedha ili wawazike wanne wa mwisho walio kwenye friza, kwa sababu fedha za mazishi hazikutosha baada ya mama mkuu kununua mashine ya video. Waliosalimika waliponea kwa kuwa usiku ule walikuwa wamekwenda kucheza bingo na Wamaryknoll. Jina hilo si geni Tanzania: mapadri wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, masista wao wakawafuata, na shule yao ya lugha huko Makoko imewafundisha wageni wengi Kiswahili.

Nunsense ilichezwa mara 3,672 kabla ya kufungwa mwaka 1994, jambo lililoiweka miongoni mwa maonyesho yaliyodumu kuliko yote nje ya Broadway. Imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 20. Na walioijaza Cherry Lane hawakuwa walei peke yao. Masista wenyewe walikuja, wakakaa kati ya watu, wakacheka. Waliona masista wanaoimba, wanaogombania kuwa kinara wa onyesho, wanaochoka na wanaosamehe, na wakajitambua. Durang aliwaonyesha watazamaji yule aliyesimama mbele ya darasa na rula. Goggin aliwapeleka chumba cha nyuma, ambako mwanafunzi hakuwahi kuruhusiwa kuingia.

Miaka minane baada ya Nunsense kufunguliwa, Chicago ilirudi na kitu rahisi kuliko vyote. Mwaka 1993, katika ukumbi mdogo wa Live Bait, Vicki Quade na Maripat Donovan walianzisha Late Nite Catechism. Mwigizaji ni mmoja, sista mwenye vazi jeusi. Jukwaa ni darasa lenye ubao, na wanafunzi ni watazamaji. Anayechelewa anakaripiwa mbele ya wote. Anayetafuna jojo ananyang'anywa. Mwanamke mwenye sketi fupi anapewa karatasi laini ajifunike magoti. Anayejibu sawasawa anazawadiwa rozari inayong'aa gizani au picha ya mtakatifu.

Kilichotokea kwa watazamaji ni cha ajabu, na kimejirudia mji kwa mji kwa miaka zaidi ya 30. Mawakili, mafundi bomba na bibi wenye wajukuu hunyoosha migongo. Huitikia kwa pamoja, kwa kiimbo cha watoto: ndiyo, Sista. Hakuna aliyewafundisha waitikie hivyo mlangoni. Sehemu kubwa ya onyesho haijaandikwa, inategemea jibu la mtu wa mstari wa pili au wa tano, na kwa hiyo mwigizaji lazima aijue dini kwelikweli. Anaulizwa kuhusu Mtakatifu Kristofa, aliyeondolewa katika kalenda ya Kanisa zima mwaka 1969 na kuwasikitisha madereva wengi. Anaulizwa kuhusu limbo, na hapo hukumbusha kwamba mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikano ilieleza kuwa kuna sababu za kutumaini watoto wale wanaokolewa. Watu hucheka, lakini pia husikiliza, kwa sababu baadhi yao wamesubiri jibu hilo miaka 50.

Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilipofichua jinsi uongozi wa Kanisa ulivyowaficha mapadri waliowanajisi watoto, utani kuhusu padri ulianza kuwakwama watu kooni. Sista wa jukwaani aliendelea. Miaka miwili baadaye John Patrick Shanley aliandika tamthilia ya Doubt, ambayo si kichekesho hata kidogo, na ndani yake sista mkali wa shule ya Bronx ndiye anayemshuku padri. Wale walioogopwa kwa rula zao walionekana sasa kwa jicho jingine.

Kwa miongo mingi parokia ziliwalipa masista posho ndogo tu, na hakuna aliyewawekea akiba ya uzeeni. Sheria iliwaruhusu kuingia katika mfuko wa pensheni wa taifa mwaka 1972 tu, na ilipofika 1988 maaskofu walianzisha mchango wa kila mwaka makanisani kwa ajili yao. Kufikia mwaka 2014 masista wa Marekani walikuwa wamepungua hadi chini ya 50,000, wengi wao wazee. Waigizaji wa Late Nite Catechism wamefanya desturi ya kukusanya sadaka baada ya onyesho kwa ajili ya masista wastaafu, mara nyingi wa shirika lililowahi kufundisha mji huohuo. Mchango huo, dola moja moja na tano tano kutoka kwa watu waliokwisha kulipia tiketi, umefikia mamilioni.