Tulipomtuma Mmoja: Michango ya Wameru ya 1952 na Wanafunzi Wetu wa Leo



Kila mwaka kijarida hiki kinapowafikia, wengi wetu hufungua kwanza ukurasa wa michango kuona nani katoa nini. Si vibaya. Lakini mwaka huu nimeombwa niwasimulie jambo la zamani kabla hamjafika huko, kwa sababu linahusu michango, linahusu elimu, na lilitokea hapa hapa kwetu. Nasema na walioko nyumbani, kuanzia Nkoaranga hadi Ngarenanyuki, na pia walioko Arusha mjini, Dar es Salaam na ng'ambo.

Shule iliyokuja kwa shida

Elimu ya darasani haikuingia Meru kwa amani. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na adhabu ya Wajerumani iliyofuata ilikuwa kali: watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, mashamba yakaharibiwa. Misheni ya kudumu ilijengwa Nkoaranga mwaka 1902, na pamoja na kanisa ikaja shule. Wazee wengi waliitazama kwa mashaka, na kwa hayo waliyoyaona nani atawalaumu?

Hata hivyo polepole watoto walianza kusoma na kuandika. Kahawa ilipoingia katika vihamba, palipatikana fedha kidogo za karo. Katika miaka ya 1940 Walutheri walianzisha shule ya sekondari Ilboru, na mwaka 1954 chuo chao cha theolojia kikahamia Makumira. Lakini kwa muda wote huo waliofika mbali kimasomo walikuwa wachache sana. Uchache huo ulikuja kutugharimu.

Ngarenanyuki, Novemba 1951

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kuchunguza suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Katika taarifa yake alipendekeza eneo la Sanya na Ngarenanyuki liwe la walowezi wa Kizungu peke yao, na Wameru waliokuwa wakiishi huko wahamishiwe King'ori. Wameru walikataa. Walikataa pia fidia, kwa kuwa kupokea fidia ni kukubali kwamba umeuza.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari walianza kuwatoa watu kwa nguvu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakapoteza makazi. Katika ukoo wowote wa upande ule bado yupo mtu anayeweza kukuonyesha palipokuwa na boma la babu yake.

Sasa tutazame hali waliyokuwa nayo washili na wazee waliokutana baada ya hapo. Haki walikuwa nayo na umoja walikuwa nao. Walichokosa ni mtu wa kwao aliyesomea sheria, anayeweza kuandika madai kwa lugha ambayo wakubwa wa dunia wangeisoma. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo palikuwa na mlango wa kubisha New York. Lakini mlango huo ulikuwa na taratibu zake, fomu zake na muda wake. Asiyejua taratibu hizo angebaki nje na haki yake mkononi.

Mmoja aende kwa niaba ya wote

Wakachanga, wenye kahawa na wasio na kahawa. Chama cha Raia wa Meru kikasimamia jambo hilo, na Kirilo Japhet akachaguliwa kwenda. Kwa upande wa sheria walimpata Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, akawa mshauri na mkalimani wake.

Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyotokea Ngarenanyuki. Mwananchi wa kawaida kutoka Tanganyika alikuwa amefika mwenyewe kuishtaki serikali iliyomtawala. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono Wameru, lakini azimio lilipofika kwenye Baraza Kuu halikupata theluthi mbili ya kura. Kwa hesabu ya siku ile, tulishindwa.

Kwa hesabu ya miaka, mambo ni tofauti. Kirilo aliporudi alizunguka akiwaeleza watu aliyoyaona, na habari za Meru zikawa fundisho kwa wanasiasa wa Tanganyika nzima kwamba inawezekana kufika kule na kusikilizwa. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Mradi wa walowezi haukufanikiwa, na hatimaye ardhi ikarudi mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo ya ardhi, ili watakaokuja wasilazimike kutegemea masimulizi peke yake.

Waliokutana kabla ya kutumwa

Kuna upande mwingine wa historia hiyo ambao hatuusimulii sana. Nyerere hakuamka tu siku moja akawa msemaji. Alipokuwa Makerere kati ya 1943 na 1945, yeye na wanafunzi wenzake wa Tanganyika walianzisha chama chao cha ustawi. Walikuwa vijana wachache waliokutana, wakajadiliana juu ya nchi yao na wakajifunza kuendesha mkutano na kuandika barua. Baadaye chama kile kikawa tawi la TAA, ambayo ndiyo iliyozaa TANU mwaka 1954. Uongozi wa nchi ulifanyiwa mazoezi kwanza katika kikundi cha wanafunzi.

Jirani zetu wa Kenya nao wana simulizi yao. Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa huko. Ndege ililipiwa na wafadhili, lakini huku nyumbani familia na vijiji vilichanga fedha za matumizi ya mtoto wao, senti kwa senti.

Sisi tulifika kwenye uhuru mikono ikiwa karibu mitupu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, kikiwa na kitivo kimoja na wanafunzi wasiofika ishirini. Kitivo hicho kilikuwa cha sheria. Kila nikikumbuka jambo hilo huwafikiria wazee wa 1951, waliohitaji mwanasheria mmoja tu wa kwao na hawakuwa naye.

Milango imeongezeka, na fomu pia

Leo mtoto wa Meru ana milango ambayo wazee wale hawakuiota. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita kuanzia 2022. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inafanya kazi tangu 2005. Tangu 2022 upo Ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Na pale Tengeru, mtu akiwa amesimama kihambani kwake, anaweza kuona majengo ya Taasisi ya Nelson Mandela, ambako watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika huja kusomea shahada za juu za sayansi na teknolojia.

Lakini kila mwaka tunakutana na kijana aliyefaulu na bado akabaki nyumbani. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina moja na cheti cha shule kina jina lingine, uhakiki wa RITA ukakwama, na dirisha la maombi ya mkopo likafungwa. Mwingine alichagua kozi kwa sababu rafiki yake ameichagua. Mwingine aliandika barua ya kuomba ufadhili ikawa ya kuomba huruma, wakati mfadhili alitaka kujua amefanya nini na atafanya nini. Hawa hawakukosa akili. Wamekosa kile kile kilichokosekana 1951, yaani mtu wa kuwaambia mapema mlango uko wapi na unabishwaje.

Hapa Arusha tunao mfano wa karibu. Shule ya St Jude iliyoko Moshono, iliyoanza 2002 na watoto watatu, husomesha watoto wa familia maskini bila malipo. Wahitimu wake wa kidato cha sita hupewa nafasi ya kufanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja kabla ya chuo, wengi wao wakifundisha katika shule za serikali, na katika kipindi hicho huandaliwa kwa chuo na kazi. Anayeingia chuoni baada ya mwaka kama huo ameshasimama mbele ya darasa la watoto wengi, ameshajifunza kuwahi kazini, na ameshalipa sehemu ya deni lake kwa jamii.

Kundi la wanafunzi wetu

Ndiyo maana tunaomba michango ya mwaka huu isiishie kwenye karo. Karo tutaendelea kulipa. Lakini tunataka wanafunzi tunaowasaidia wawe kundi moja linalokutana kila likizo: walioko chuoni wawaelekeze wa kidato cha sita kujaza maombi, wa kidato cha sita wawasaidie wa kidato cha nne kuchagua tahasusi, na wote kwa zamu waongoze kikao, waandike kumbukumbu na kutunza hesabu za kundi. Wanaumoja wenye taaluma, kuanzia wauguzi na mafundi umeme hadi mawakili, wahasibu na wakulima wa kisasa, tunawaomba waje hata mara moja kwa mwaka waeleze kazi yao ilivyo kweli, pamoja na ugumu wake.

Gharama yake si kubwa: nauli, chakula cha mchana, karatasi, kompyuta chache na intaneti ya kutumia wakati madirisha ya maombi yako wazi. Wazazi nao wana sehemu yao, nayo haihitaji fedha nyingi. Kagueni vyeti vya watoto wenu sasa, majina yafanane, msisubiri hadi kidato cha sita.

Na kwenu vijana mnaofadhiliwa, neno moja la mzee. Kirilo alipopanda ndege, kila mtu aliyetoa senti yake alijua amemtuma nani na kwa kazi gani. Aliporudi, alisimama akatoa taarifa. Ninyi pia mmetumwa. Hatuwadai fedha zetu. Tunawadai taarifa, na tunawadai mumshike mkono anayewafuata.

Ukurasa wa michango unafuata. Fungueni sasa.