Hodi ya Simu

Mgeni wa kwetu afikapo mlangoni hupiga hodi, akangoja. Akiambiwa karibu, huingia. Akiambiwa mwenyeji ana shughuli, hurudi. Na akibisha mara tatu bila ya jibu, huenda zake pasipo kinyongo. Simu haina adabu hiyo. Mlio wake ni hodi, lakini ni hodi ambayo mwenye nyumba hakujua ni ya nani mpaka alipofungua mlango, na alipofungua, mgeni alikuwa amekwisha ingia sebuleni na kutandaza bidhaa zake. Marekani, nchi iliyoeneza simu majumbani mapema kuliko nyingi, iliuonja mapema uchungu wa jambo hili. Kisa cha raia wake waliotafuta njia ya kusema “sitaki”, na neno lao likashikwa, chastahili kusimuliwa.

Zamani mchuuzi wa simu alizungusha namba kwa kidole chake, na kidole kina kikomo. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na mitambo. Mtambo mmoja uliweza kupiga namba nyingi kwa wakati mmoja, huku ukikisia ni watu wangapi watakaoitikia na ni wauzaji wangapi watakaokuwa tayari kusema nao. Ulipokosea hesabu, walioitikia waliwazidi wauzaji, na yule wa ziada alisikia kimya kitupu. Mzee aliyeinuka kitini kwa taabu, akajikokota mpaka penye simu, alisema “haloo” na hewa. Mitambo mingine haikuwa na muuzaji kabisa, bali sauti iliyonaswa kwenye utepe, ambayo haikuweza hata kuambiwa inyamaze.

Mwaka 1991 Kongresi, yaani bunge la nchi hiyo, ilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Simu. Seneta Fritz Hollings wa South Carolina, aliyeipigania, alilalamika kwamba simu za mitambo ni balaa la ustaarabu wa siku hizi: huwaamsha watu asubuhi, huwakatiza chakula cha jioni, na huwaandama mpaka watamani kuing’oa simu ukutani. Sheria iliiachia Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano hiari ya kuanzisha daftari moja la taifa zima la watu wasiotaka kuchuuziwa. Mwaka 1992 Tume iliiacha njia hiyo kwa kuhofu gharama na ugumu wake. Badala yake iliamuru kila kampuni iweke orodha yake yenyewe, na ikakataza simu za uchuuzi kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa tatu usiku.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Aliyemkatalia muuza mazulia leo hakuwa amemkatalia muuza madirisha, wala muuza bima. Ilimpasa kwanza aipokee simu ndipo aseme asipigiwe tena. Yaani alilipa kwa usumbufu ule ule aliotaka kuuepuka. Kweli, aliyepigiwa tena na kampuni aliyoikataa aliweza kwenda mahakamani kudai hadi dola 500 kwa kila kosa. Lakini ni wangapi waandikao tarehe na jina la kila mchuuzi wanayemfukuza? Haki ilikuwapo, ila ilikuwa juu mno, na ngazi ya kuifikia ilikuwa fupi.

Miaka 11 ilipita hivyo. Kisha Tume nyingine, ile ya Shirikisho ya Biashara, chini ya mwenyekiti wake Timothy Muris, iliamua kulifungua daftari lile lililokataliwa. Uandikishaji ulianza tarehe 27 Juni 2003. Mtu aliandikisha namba yake bure, na wachuuzi ndio waliopaswa kulitazama daftari na kuziondoa namba hizo katika orodha zao. Aliyekaidi aliweza kutozwa hadi dola 11,000 kwa simu moja. Katika siku nne tu namba zaidi ya milioni 10 ziliingia. Sijui jambo jingine la serikali lililokimbiliwa na watu kwa haraka kama hiyo bila ya kulazimishwa.

Wachuuzi hawakukaa kimya. Walisema, na si uongo, kwamba kazi yao ililisha watu wengi, wakashitaki. Mwandishi mcheshi wa Miami, Dave Barry, alichapisha gazetini namba ya simu ya chama chao kimoja, akawashauri wasomaji wake wakipigie kukieleza maoni yao. Wasomaji waliitikia kwa wingi, hata chama kikalalamika kwamba simu hizo zinakisumbua na kukitia gharama!

Daftari lilikuwa lianze kutumika tarehe 1 Oktoba. Tarehe 23 Septemba, Jaji Lee West wa Oklahoma alitoa hukumu kwamba Tume ya Biashara haikupewa na Kongresi mamlaka ya kulianzisha. Wakati huo namba milioni 50 hivi zilikuwa zimekwisha andikwa. Kongresi, ambayo kwa kawaida huenda mwendo wa kobe, ilitoa mamlaka hayo kwa siku mbili: Baraza la Wawakilishi kwa kura 412 dhidi ya 8, na Seneti kwa kura 95 bila hata moja ya kupinga. Walakini siku ile ile, tarehe 25, jaji mwingine, Edward Nottingham wa Denver, alilizuia tena daftari kwa sababu nzito zaidi. Daftari liliwafungia mlango wachuuzi wa biashara, lakini liliwaacha wanaoomba sadaka. Kwa kubagua hivyo, alisema, serikali imeingilia uhuru wa kusema, ambao Katiba ya nchi inaulinda.

Neno hili si la kupuuzwa. Serikali inayoweza kuchagua ni nani aseme na raia na nani asiseme yaweza kesho kuchagua vingine. Basi mahakama ya rufani ilipolipima shauri hili iligusa kiini cha jambo: ni nani aliyefunga mlango? Tarehe 17 Februari 2004 ilihukumu kwamba si serikali. Serikali ilitengeneza komeo tu. Anayelitia ni mwenye nyumba, kwa hiari yake, na akitaka hulifungua. Majaji walirejea hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo ya mwaka 1970, iliyompa mwenye nyumba haki ya kuzuia barua za matangazo asizozitaka. Uhuru wa kusema haumlazimishi mwingine kusikiliza akiwa kwake.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeanzia upande wa pili wa mlango: anayetaka kutumia habari za mtu kwa biashara hupaswa kwanza kupata ridhaa yake wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inapomruhusu. Hiyo yakaribia hodi yetu ya kale. Lakini komeo la Marekani na ridhaa ya Kenya vyote vina udhaifu mmoja: vyamfaa mwenye nyumba ikiwa tu anayebisha anaiogopa sheria.

Wachuuzi waaminifu wa Marekani walilitii daftari. Wengine walilikaidi, na kampuni ya televisheni ya Dish Network, iliyoshitakiwa mwaka 2009, ilihukumiwa mwaka 2017 kulipa dola milioni 280, ingawa mwaka 2020 walipatana kwa milioni 210. Lakini nafasi walizoziacha watiifu zilijazwa na walaghai. Simu za njia ya intaneti zilikuwa rahisi mno, na ziliwawezesha kujificha hata ng’ambo ya bahari. Mamilioni walisikia sauti ya mwanamke aliyejiita Rachel, akidai anatoka idara ya kadi za benki. Aliyebonyeza namba aliyoambiwa ili aondolewe kwenye orodha alijitambulisha tu kwamba simu yake ina mtu hai, na mtu hai ana bei yake.

Walaghai walijifunza pia kuvaa namba za bandia, hasa zinazofanana na za mtaa wa mpigiwa, ili adhani ni jirani. Watu wasio na hatia walipigiwa na wageni wenye hasira wakiulizwa kwa nini wanawasumbua, kumbe namba zao ziliazimwa bila wao kujua. Ndipo sheria ya Desemba 2019 ilipoagiza makampuni ya simu yatie muhuri wa kuthibitisha namba ya mpigaji, na makampuni makubwa yalipewa hadi tarehe 30 Juni 2021. Mwaka huo daftari lilikuwa na namba kiasi cha milioni 244, na malalamiko milioni 5 yalipokewa. Mwaka 2024 namba zilipita milioni 253, na malalamiko yalishuka hadi milioni 2 hivi. Tume hupokea habari za wale waliolalamika. Wengi zaidi hukata simu, wakarudi mezani kumalizia chakula kilichopoa.