Herufi C na Swichi Nyekundu

Redio unayonisikilizia ukiizima haipotezi kitu. Unazungusha kifundo, sauti inakatika, basi. Kompyuta za mezani nazo zilianza hivyo hivyo. Ile ya kampuni ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa na swichi kubwa nyekundu ubavuni, na mfumo wake endeshi, DOS, haukuwa na amri ya kuzima. Diski ngumu zilipoenea, mtu alimaliza kazi, akaona kwenye kioo herufi C na kistari kinachopepesa kando yake, akashusha swichi, akaenda zake nyumbani.

Kwa mfumo, herufi ile ilikuwa na maana moja tu: leta amri nyingine. Lakini watumiaji waliisoma kama ahadi kwamba kazi imekwisha na mashine inaweza kuzimwa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza cha ubora wa kuzima kompyuta, nacho kiliwekwa na makarani na wahasibu, si wahandisi.

Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft ilitoa DOS toleo la 6. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo SmartDrive, iliyokusudiwa kuharakisha kazi. Diski ni nzito kuandika, kwa hiyo SmartDrive ilipokea maandishi, ikayaweka kwanza kwenye kumbukumbu ya umeme, ikarudisha herufi C upesi, kisha ikayaandika kwenye diski sekunde chache baadaye. Ni sawa na tarishi anayekuambia barua imefika ilhali bado iko mfukoni mwake. Mtumiaji aliona ile herufi yake, akashusha swichi. Yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yakafa na umeme.

Malalamiko yalikuwa makali. Lawama nyingi ziliangukia DoubleSpace, programu nyingine ya toleo hilo iliyobana mafaili ili diski ibebe zaidi, na hapo hata kosa dogo liliweza kuharibu mengi. Ingekuwa rahisi kuwaambia watu wajifunze kusubiri. Badala yake, katika toleo la 6.2 lililotoka mwishoni mwa mwaka huo huo, SmartDrive ilirekebishwa: herufi C isirudi mpaka yote yameandikwa. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa heshima. Mfumo ulikubali kuwa mwepesi kidogo tu ili ahadi ya watu itimie.

Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, haikuweza kuitimiza kwa njia hiyo, kwani programu nyingi zilifanya kazi kwa pamoja. Ikaja amri rasmi ya kuzima (ajabu yake ilikaa chini ya kitufe cha kuanzia!), na baada yake maandishi ya rangi ya chungwa yakisema sasa ni salama kuzima. Mzigo ukahamia kwa mtumiaji. Katika Windows 98, aliyekatikiwa na umeme alipowasha tena alikaguliwa diski na kukumbushwa kwamba siku nyingine azime kwa utaratibu. Hebu fikiria karani wa Nairobi wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2000 akisoma maneno hayo. Azime kwa utaratibu gani?

Dawa ilikuwepo tayari. Windows NT ya mwaka 1993 ilikuwa na mpangilio wa mafaili uitwao NTFS, unaoandika kwanza kwenye daftari lake badiliko linalotaka kufanywa, ndipo unalifanya. Umeme ukikatika, mfumo ukiwaka husoma daftari na kunyoosha kilichoachwa nusu. Watu wa kawaida walilipata kwa wingi kwa Windows XP ya mwaka 2001, ambayo watengenezaji wake walijiwekea pia lengo la kuwaka na kuwa tayari kwa kazi ndani ya sekunde 30. Mwaka huo huo Linux nayo ilipata daftari la namna hiyo katika ext3.

Hata hivyo, daftari la NTFS hulinda mpangilio wa mafaili. Barua unayoiandika bila kuihifadhi halina habari nayo. Kwa hiyo programu ya Word, kwa mpangilio wake wa kawaida, hujiwekea nakala ya akiba kila baada ya dakika 10. Dakika zilizo katikati ni za mwandishi na umeme wake.