Manahodha Wanne wa Tabas

Majahazi yaliyotoka Sur kwa pepo za kaskazi kuja Afrika ya Mashariki yalikipita kisiwa cha Masirah upande wa kulia, kikame, chenye mchanga na mawe, kabla ya kuushika mwambao wa kusini. Jioni ya tarehe 24 Aprili 1980 kilichoondoka kisiwani hapo si vyombo vya tanga, bali ndege za Marekani aina ya C-130, zisizowashwa taa, zikielekea kaskazini, Iran. Saa chache baadaye watu wanane walikuwa wamekufa jangwani karibu na mji wa Tabas, na hapana hata mmoja aliyeuawa na adui. Namna walivyokufa ndiyo iliyoleta mpango mpya wa vikosi maalumu vya Marekani.

Chanzo chake kinajulikana. Tarehe 4 Novemba 1979 wanafunzi wa mapinduzi waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran wakawashika mateka waliokuwamo. Mazungumzo yalipokwama, Rais Jimmy Carter aliidhinisha uokozi wa kijeshi. Marekani ilikuwa na kikosi kilichofaa kazi hiyo. Delta iliundwa mwaka 1977 na Kanali Charles Beckwith, ambaye katika miaka ya sitini alikaa na kikosi cha SAS cha Uingereza akajifunza kwamba watu wachache waliochujwa sana huweza lisilowezwa na batalioni nzima. Walakini Delta haikuwa na ndege wala helikopta, wala marubani wake yenyewe. Ilikuwa mkono usio na miguu, na miguu ikabidi iazimwe.

Hapo ndipo kazi ilipogawiwa, na mgawanyo huo wastahili kutazamwa kwa makini. Delta ya jeshi la nchi kavu ilipewa ubalozi. Kundi la watu 13 kutoka kikosi cha nchi kavu kilichokuwa na kambi Ujerumani lilipewa Wizara ya Mambo ya Nje, walikozuiliwa mateka watatu. Askari wa Rangers walipewa kuuteka uwanja wa ndege wa Manzariyeh, ambao mateka wangeondokea. Jeshi la anga lilipewa kusafirisha watu na mafuta. Helikopta nane zilikuwa mali ya jeshi la majini, za kutegulia mabomu baharini, nazo zingeruka kutoka manowari Nimitz. Bali wengi wa marubani wake walikuwa Marines, waliozoea kushusha askari pwani, si kuvuka jangwa usiku kwa masaa mengi karibu na ardhi.

Kila jeshi lilipata fungu lake, na kila fungu lilikuwa na mkubwa wake. Meja Jenerali James Vaught alishika amri ya jumla akiwa mbali, nchini Misri. Kanali James Kyle alisimamia ndege, Luteni Kanali Edward Seiffert helikopta, Beckwith askari wa kushambulia. Wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini tatizo la Tabas halikuwa wingi wao tu. Chombo chenyewe hakikupata kuelea kabla ya siku ya safari. Kwa ajili ya siri, kila fungu lilifanya mazoezi peke yake, mahali pake, na hapakuwa na hata zoezi moja lililowakusanya wote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Njiani helikopta moja ilionyesha dalili ya ufa katika pangaboi, ikaachwa. Kisha zilizobaki zikaingia katika ukungu mkubwa wa vumbi laini, usioonekana mpaka mtu awe ndani yake. Wataalamu wa hali ya hewa walilijua jambo hilo, lakini kwa ajili ya siri hawakuruhusiwa kuonana na marubani wenyewe. Helikopta ya pili, vifaa vyake vikianza kuharibika, iligeuka kurudi. Rubani wake hakujua kwamba mbele yake palikuwa na anga safi; redio zilikuwa zimenyamazishwa, naye baadaye alieleza kwamba lau angalijua angaliendelea. Sita zilifika, zimechelewa. Moja ya hizo ilikuwa mbovu katika mfumo wa mafuta ya kuendeshea usukani. Zikabaki tano, na mpango ulihitaji sita zisizopungua. Beckwith alikataa kuendelea na tano, na Carter akakubali.

Pale mchangani, ambapo tayari basi lenye abiria zaidi ya 40 lilikuwa limezuiliwa njiani, hapakuwa na kituo cha amri kinachotambulika. Katika giza, kishindo cha injini na vumbi, marubani walipokea maagizo kutoka kwa watu wasiowajua kwa sura wala kwa cheo. Wakati wa kuondoka, helikopta moja ilipoinuka ili isogee, pangaboi lake liliikata C-130 iliyojaa mafuta. Watu watano wa jeshi la anga na Marines watatu waliungua. Waliosalia waliondoka kwa ndege, wakaziacha helikopta tano pamoja na nyaraka za siri. Mateka wakatawanywa katika miji mbalimbali, wasiweze kufikiwa tena. Walioendelea kushikiliwa, watu 52, waliachiwa tarehe 20 Januari 1981, kwa mazungumzo.

Tume iliyoongozwa na Admirali mstaafu James Holloway ilitoa taarifa yake Agosti 1980. Haikumwona mwoga wala mzembe. Iliona kwamba kikosi kilibuniwa kwa dharura kutoka katika majeshi manne, na kwamba siri iliyokusudiwa kumfunga macho adui iliwafunga macho wenyewe kwa wenyewe. Ikashauri pawe na kikosi cha pamoja cha kudumu.

Mabadiliko yakafuata. Desemba 1980 iliundwa kamandi ya pamoja ya operesheni maalumu. Mwaka 1981 likazinduliwa rasmi kundi la marubani wa helikopta wa jeshi la nchi kavu, ambao kazi yao ni hasa usiku, na ambao makomando wangewajua kwa majina. Mwaka 1986 maseneta Sam Nunn na William Cohen walipitisha sheria, ilhali wakubwa wa majeshi wakiipinga, na tarehe 16 Aprili 1987 kamandi kuu ikafunguliwa Tampa, Florida, ikiwa na bajeti yake yenyewe. Tangu hapo kila fungu likawa na wajibu uliojulikana kabla ya dharura: Rangers kuteka viwanja, SEAL kazi za majini, wenye kofia za kijani kukaa na majeshi ya kigeni, kujifunza lugha zao na kuyafundisha. Marines walijitenga, wakaja kujiunga mwaka 2006.

Hata hivyo, dawa hiyo haikutibu kila kitu. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, mjini Mogadishu, Delta, Rangers na marubani wa usiku walipigana kama watu wa nyumba moja. Lakini mkuu wao, Meja Jenerali William Garrison, hakuwa chini ya kamanda wa Umoja wa Mataifa mjini humo. Helikopta mbili zilipoangushwa, magari ya deraya yaliyohitajika kuwatoa yalikuwa ya Malaysia na Pakistan, ambazo hazikuarifiwa mapema juu ya uvamizi huo. Msafara ulichukua masaa kupangwa. Wamarekani 18 walikufa, na askari wa Malaysia aliyekuja kuwaokoa, na mamia ya Wasomali, wakiwamo raia ambao hakuna aliyewapangia fungu lolote. Ufa ulizibwa ndani ya nyumba, ukafunguka baina ya nyumba na jirani.

Aghalabu vikosi hivi husifiwa kwa ushujaa wa mtu mmoja mmoja, na sifa hiyo si ya uongo. Walakini usiku wa Tabas ushujaa haukupungua. Kilichopungua ni jambo dogo ambalo kila sarahangi hulihakikisha kabla ya kung'oa nanga: kwamba anayevuta kamba anamjua anayeshika usukani, na sauti yake ataitambua gizani.